Mpunga Uliokatwa Ukiwa na Maziwa

Kisu cha mama mkwe wangu Saminten hukukiona mpaka afungue kiganja. Kilikuwa kijibao cha kuenea mkononi, chenye wembe mfupi ubavuni, na siku zisizo za mavuno alikichomeka kwenye fundo la nywele zake. Kwetu Java wanawake wote walivuna hivyo: suke moja, halafu suke jingine, wembe umefichwa kati ya vidole ili Bibi Sri, mwenye roho ya mpunga, asiuone akashtuka na kutukimbia. Mundu ulikuwa wa kukatia majani nyati wetu wa kulimia. Mtu angeingia na mundu kwenye mpunga, tungemwona kama aliyeingia na panga kwenye chumba cha mwanamke anayejifungua.

Basi sogeeni niwaambie yaliyompata. Nilikuwa pale, mkwe mgeni wa mwaka mmoja.

Kijijini Saminten ndiye aliyeufungisha mpunga ndoa. Kabla ya mavuno alitangulia peke yake bondeni, akachagua masuke yaliyokomaa vizuri, akafunga mafungu mawili, bibi harusi na bwana harusi. Akayavisha maua, akayabeba kwa mbeleko hadi ghalani. Wawili hao ndio waliokuwa mbegu ya mwaka unaofuata. Yeye alirithi mbegu hiyo kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Wakishaingia ghalani, bonde linafunguliwa: mjane, mpita njia, hata yule mliyetukanana juzi kisimani, akija na kisu chake anakata na anaondoka na fungu lake. Hafukuzwi mtu.

Mwaka ule kiwanda cha sukari cha Waholanzi kilifika kwetu. Vijiji vya jirani vilikuwa vimeshageuka miwa. Karani wa kiwanda aliketi barazani kwa mkuu wa kijiji, Mzee Rejo, akasoma karatasi. Lugha yake hakuna aliyeijua, ila Rejo aliyeokota maneno mawili matatu. Akatutafsiria.

"Wanachukua bonde lenye maji miezi kumi na minane, wapande miwa, kisha wanaturudishia. Wataanza mpunga ukishaingia ghalani."

Hakutudanganya. Karani alitaja tarehe mosi Mei, lakini Rejo alihesabu mwaka kwa nyota na upepo kama sisi sote, na kwa akili zetu shamba haliwezi kupewa mtu likiwa na mpunga. Ni kama kumwazima jirani sahani ambayo bado ina chakula chako. Kwa hiyo aliposikia siku ya kukabidhi, alisikia siku baada ya mavuno. Ingekuwa nini kingine? Tukachovya vidole gumba kwenye wino, mmoja mmoja. Wengine walicheka kuona vidole vimekuwa vyeusi.

Saminten hakucheka. Njiani aliniambia, "Mwanangu, mbegu ikikaa ghalani zaidi ya mwaka inaanza kufa. Hii itakaa mwaka na nusu. Safari hii lazima ikomae kabisa, ikauke sawasawa. Ikiwa changa hata kidogo, hatutakuwa na cha kupanda."

Mvua zilichelewa, tukapanda kwa kuchelewa. Mume wangu Kasan, mwanawe wa pekee, alikuwa amekwenda mbali kutandika reli ya kiwanda, hivyo tulipanda sisi wawili na majirani. Mpunga uliposhika mimba, Saminten aliupelekea embe bichi na pilipili, kama apelekewavyo mja mzito. Alizunguka tuta lote akiubembeleza. "Kula, mama, kula. Usiogope."

Zilibaki siku ishirini. Ukibinya punje, yalitoka maziwa.

Asubuhi hiyo tulikwenda kufukuza ndege, tukakuta wanaume sitini hivi wamepangwa juu ya tuta, kila mmoja na mundu. Mbele yao alisimama mnyapara mmoja, Wongso, mtu wa kwetu kabisa kwa sura na lugha, ila alivaa viatu.

"Mama, pisha hapo watu wafanye kazi," akamwambia Saminten.

"Kazi gani, baba? Mpunga haujaiva."

"Nani kazungumzia kuiva? Unakatwa."

"Unakatwa uende wapi?"

"Ng'ombe wa kiwanda watakula. Sisi tunataka udongo tu."

Saminten alicheka. Kweli alicheka, akanigeukia. "Umemsikia? Huyu bwana ana mizaha ya mjini."

Wongso hakucheka. Alimwita Mzee Rejo, na Rejo akaja anahema, karatasi imekunjwa ndani ya kilemba. Wanawake walishaanza kukusanyika.

"Mweleze mama huyu," alisema Wongso.

"Lakini tulikubaliana baada ya mavuno," Rejo akasema.

"Wapi? Nionyeshe. Hapa pameandikwa Mei."

"Mei ndiyo nini?" akauliza jirani yetu Wagiyem.

"Mei ndiyo leo, mama."

Rejo aliigeuza karatasi, akaitazama mgongoni, kama kwamba yale maneno aliyotuambia barazani huenda yameandikiwa huko. Kisha akaketi chini pale pale, kwenye tope, mkuu wa kijiji mzima.

"Siku ishirini tu, mwanangu," Saminten alimwambia Wongso. "Wewe una mama. Mama yako hajakufundisha?"

"Mama yangu hanilishi, mama. Haya, kateni!"

Sauti ile sijaisahau. Kisu chetu hukata kwa mlio mdogo, kama mtu anayevunja ubua. Miundu ile ilifyeka fyaa, fyaa, na mpunga ukalala mzima mzima, mashina na masuke. Vyuma vilitapakaa maziwa meupe. Wagiyem aliziba macho kwa kanga ya mbeleko. Mimi sikuweza kuziba, kwa sababu katika mstari ule, mtu wa tatu kutoka ukingoni, nilimwona mume wangu.

Saminten alikuwa ameshamwona. Alishuka majini, akasimama mbele yake. Kasan alikuwa amekonda.

"Mama, sikujua wanatuleta huku. Walitupakia gizani."

Nilidhani atampiga kofi. Alimuuliza tu, "Umekula?"

"Bado, mama."

"We Kasan!" Wongso akapiga kelele. "Unalipwa kwa kusalimiana? Ukitaka kubaki hapa baki, na kesho usirudi!"

Kasan alitutazama, mama yake kisha mimi. Akainama, akakata. Nawaambieni ukweli, alikata.

Hapo Saminten akachomoa kisu nywelani. "Wanawake!" aliita. "Yaliyoanza manjano, yakateni! Haraka!" Tukaingia majini sote, arobaini na zaidi, suke moja, suke jingine, mbele ya miundu inayokuja. Wongso alicheka hadi akashika mbavu. "Waacheni kuku wadonoe!" Mstari wa wanaume ulitupita huku na huku, ila Kasan, kwenye safu ya mama yake, alikwenda polepole sana, kama mtu anayemchana nywele mgonjwa, ili mama yake abaki mbele. Adhuhuri bonde lilikuwa tupu. Saminten alitoka na mafungu mawili membamba, ya kijani, maji yanachuruzika.

Hayakuwa maharusi. Aliyavisha maua hata hivyo.

Aliyakausha mwezi mzima, anayaanua kila wingu likipita. Akayaweka ghalani. Miwa ilipanda ikafunika njia, ikaziba hata mlima tuliouzoea. Kasan alirudi nyumbani miwa ilipokuwa kiunoni. Hakuna aliyemuuliza kitu, na wali wake alipakuliwa kama zamani, lakini alikula amegeukia ukuta.

Bonde liliporudishwa, Saminten aliloweka punje mia kwenye kifuu cha nazi. Siku ya tatu akafunua, hakuna iliyoota. Siku ya tano, hakuna. Siku ya nane zilikuwa zinanuka. Akaloweka zote zilizobaki, na zote zikaoza.

Tukaenda sokoni kununua mbegu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Mwenye duka alikuwa na magunia sita wazi.

"Mama, nikupimie mpunga gani?"

Saminten aliduwaa. "Mpunga."

"Upi sasa? Huu wa miezi minne? Huu wa ng'ambo? Ule wenu uliitwaje?"

Aligeuka kunitazama, mdomo wazi. Haukuwa na jina. Tuliuita wa kwetu, basi. Mwishowe akanyoosha kidole kwenye gunia la karibu, bila kulitazama.

Ulikua mfupi, na uliiva kabla ya wakati wowote tuliouzoea. Asubuhi ya mavuno alitangulia bondeni kama kawaida, nami nikamfuata kwa mara ya kwanza, maana aliniita. Kasan alisimama mbali kwenye tuta, mikono mitupu. Kuyafikia masuke ilimbidi Saminten ainame sana, mkono mmoja kiunoni. Alifunga mafungu mawili, akayavisha maua, akanifunga mbeleko ile mimi, akaniwekea bibi harusi mgongoni.

"Binti wa nani huyu, sijui," alisema. "Kwao sikujui. Lakini mshike vizuri, asianguke."

Kisha akamwita Kasan aje atushikie mwavuli wa maharusi.