Omena Chini ya Miembe ya Risper

Risper wa Karungu ana kazi mbili, na zote mbili anazifanya kwa ukali. Anauza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, na anatunza miembe sitini ambayo marehemu mumewe alimwachia ikiwa bado miche. Mtu akimshauri achague kazi moja, humtazama mpaka mshauri mwenyewe abadilishe mazungumzo.

Mwaka jana maembe yake mengi yaliozea chini kwa kukosa mnunuzi. Mwaka huu akajiunga na kikundi kilichopata lori la kuyapeleka Kisumu. Lori haliingii shamba lenye chini ya tani mbili, na siku hizi anayekadiria mavuno si mtu tena. Ni setilaiti, inayosoma ukijani wa miti kutoka huko juu. Orodha ilipotoka, jirani ambaye miembe yake ilipandwa wiki moja na ya Risper alikuwa na tani tatu. Risper alipewa kilo mia saba.

"Mama Cephas, sasa mimi nitafanya nini?" Zablon, mwenyekiti wa kikundi, alimwambia Risper. "Satellite haijui huyu ni wa nani. Ngoja ofisa wa kilimo akuje."

Akangoja, matawi yameinama kwa uzito na ndege wameshaanza kuonja.

Ofisa, kijana aitwaye Willis, alifika Jumanne akamwonyesha picha kwenye simu. Mashamba ya wenzake yalikuwa kijani kitupu. Lake lilikuwa na michirizi myeupe kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Miti yako ni mgonjwa, mama?"

"Wewe si uko na macho? Angalia."

Wakaingia shambani. Hatua ya pili tu, Willis akakanyaga wavu. Nafasi zote kati ya miembe zilikuwa zimetandikwa nyavu kuukuu, na juu yake omena zilimeremeta mpaka akafinya macho. Wenzake huanika ufuoni, lakini Risper alichoka kugombana na ndege makorongo wanaomwibia, akahamishia omena zake huku.

"Unaanika hapa kila siku?"

"Siku ya jua tu. Mawingu ikikuja, naanua."

Willis akaanza kucheka. "Na satellite inaona siku ya jua tu. Kukiwa na mawingu haioni kitu. Haijawahi kukukuta bila omena, mama. Imekuwa ikipima samaki."

Risper hakucheka. Alitaka kwanza kujua kama lori litakuja. Basi wakahesabu maembe ya miti kumi, wakapima machache, Willis akapiga hesabu: tani tatu na ushei. Akampigia Zablon papo hapo, na Risper akaandikiwa lori la Alhamisi. Hapo ndipo mama wa watu alipocheka, akacheka mpaka akajikuta ameketi juu ya omena zake.

"Na hii shimo kubwa ni ya nini?" Willis aliuliza wakitoka.

"Ya kuzika maembe," alisema Risper. "Nilianza kuchimba jana."

Akachukua jembe, akaanza kulifukia shimo.