Tumbo la Bakuli la Marumaru

Mwanangu, siku ile bado naiona: mimi kijana wa karakana ya mawe ya makaburi pale Geita, patasi mkononi, na mbele yangu bakuli la marumaru ambalo nje limeshang'aa lakini ndani bado ni jiwe tupu.

Jumapili baba yake Kabula, mchumba wangu, angekuja kwetu Kishapu kuangalia binti yake anakoolewa. Hakuwapenda vijana wa miji ya migodi kama yetu. Alisema leo wako Geita, kesho hawajulikani walipo. Nikataka anawe mikono kwenye bakuli nililochonga mwenyewe, ajue nina ufundi. Na jiwe lilikuwa hilo moja tu, kipande kilichobaki baada ya kujenga kaburi la tajiri mmoja. Usicheke, kilikuwa safi.

Sasa, tumbo la bakuli halichimbwi kwa kugonga. Unatia mchanga mgumu na maji, unazungusha jiwe dogo la kusugulia humo ndani, unamwaga tope, unaanza tena. Inachosha, na mimi nilikuwa na haraka ya Jumapili, nikainua patasi nigonge. Mzee Masanja, fundi aliyenifundisha, akainyakua ile patasi.

“Ng'wanawane, mwanangu, ukuta wa bakuli ukipasuka, wakwe utawanawisha kwa maneno?”

Basi nikaenda Kishapu na bakuli lililosuguliwa nusu tu. Mama alininong'oneza kwamba nitawaaibisha. Baba yake Kabula akaingiza vidole, maji yakamfika kwenye kucha.

“Mbona halina kina?”

“Bado, baba. Nikiligonga litapasuka, ndiyo maana nalisugua polepole.”

Akacheka mpaka akajifuta macho. “Haya, utalimalizia ukiwa mkwe wangu.”

Nilifurahi hata nikasahau kumpa taulo.

Juzi uliponionyesha kwenye simu vile vyombo vya marumaru vya visiwa vya Ugiriki ya kale, nilisikia raha. Watu wale hawakuwa na chuma. Walisugua kwa mchanga na maji kama sisi, hadi kuta zikawa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Bila shaka kila fundi alikuwa na mtu wa kumsubiri.

Sasa nakuona unavyohangaika na gauni la watu kwenye cherehani. Nakuambia waziwazi: usiharibu kazi ili tu uonekane umemaliza. Ionyeshe ilipofika, sema kweli, omba muda. Mungu akutulizie mikono, mwanangu, na akukutanishe na watu watakaokusubiri.