Nilivyoshika Kasia Hombolo

Nikisikia harufu ya tope na magamba ya perege, narudi moja kwa moja kando ya bwawa la Hombolo, kwenye mvua za mwaka nilipokuwa darasa la nne. Maji yalikuwa yamefunika njia ya shule, na kuzunguka kwa miguu kulichukua nusu siku. Aliyetuvusha ni Mzee Haule, mtu wa Ziwa Nyasa, ambaye shirika alilofanyia kazi mjini Dodoma lilibinafsishwa na yeye akapunguzwa. Alikuja kwetu akaunda mtumbwi wa mbao, nasi watoto wa wafugaji tukauogopa kuliko fisi. Mimi sikuuogopa. Nililitamani kasia lile mpaka nikawa naliota.

Nilipomwomba anifundishe, alinijibu kwa upole, "Mjukuu wangu, mwanamke kushika kasia ni mwiko." Sasa, nyumbani tulizungumza Kigogo, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuungaunga. Mwiko nilioujua ni ule wa kusongea ugali, na huo hushikwa na wanawake. Nikaelewa kwamba ameniruhusu. Kesho yake nikamwamkia shikamoo, nikaketi mtumbwini na kuyasonga maji kwa nguvu zangu zote, mtumbwi ukizunguka palepale. Akauliza nani kaniruhusu.

"Wewe, babu. Si ulisema ni mwiko?"

Mzee alicheka hadi akakohoa, kisha akapanda. "Haya, basi usikoroge. Vuta." Akanifundisha muhula mzima, na nilikuwa na furaha nisiyojua kuieleza.

Siku ya mtihani wa wilaya homa ikamlaza. Tulisimama ukingoni wanafunzi saba, na mtihani haukuwa na marudio. Mama alinikataza katakata nisiwavushe wenzangu. Mzee akaja amejifunika blanketi, akamwambia, "Mwache. Mimi namwamini." Mama akatushikia mtumbwi tupande. Katikati ya bwawa upepo ukatusukuma pembeni, mikono ikawaka moto, wenzangu wakalia, nikaendelea kuvuta.

Tangu hapo nimeshindana nchi nyingi kwa mashua nyembamba, nimevaa rangi za taifa, saa ikinipima kila pumzi. Medali ninazo, nazipenda, wala sijifanyi mnyenyekevu. Lakini asubuhi ile mwalimu aliyetupokea ng'ambo hakuwa na saa. Alitugusa vichwa mmoja mmoja akihesabu, akanitazama mimi na kasia, akasema, "Saba. Ingieni darasani."