Fundi Aliyekataa Kumaliza Libaya Yangu

Amefariki yule mama mshonaji wa karibu na stesheni, Mkasai aliyeshuka hapa Kamina pamoja na Wakasai wenzake waliofukuzwa miji ya migodi warudi Kasai, akakosa treni ya kuendelea, akabaki na cherehani yake. Malaria ilimchukua kwa siku tatu. Wasomaji wengi wa safu hii wamevaa kazi ya mikono yake. Mimi nina deni kubwa kuliko nguo.

Mwaka mmoja kabla ya vita hivi nilimrudishia libaya, blauzi ya kitenge niliyotaka kuvaa kwenye harusi ya mdogo wangu. Nikamwambia ameiharibu, inabana kushoto. Akanipima tena, akafungua daftari lake la vipimo. "Mama, libaya iko bien, iko sawa. Titi yako njo imebadilika, hapana libaya." Nikamjibu, "Fundi akishindwa, anasingizia mwili wa mwenye nguo." Wateja wakacheka. Yeye akaifungia libaya sandukuni. "Tukana minyi fundi wako. Sitamaliza hii mpaka unilete karatasi ya munganga wa hospitali."

Nilikasirika kwa sababu niliogopa. Mama yetu alificha uvimbe chini ya kitenge hadi ukawa kidonda, nami nikaacha shule nilee wadogo wanne. Nikifa mimi, nani atawalea waliobaki nyumbani? Daktari wa hapa alinipapasa, akanituma Lubumbashi kwenye mamografia, mashine ya kupiga picha ya matiti. Sikuwahi hata kuisikia. Vibao viwili baridi vikalibana titi, muuguzi akasema, "Usipumue, mama." Kabla sijamaliza sala yangu akasema, "Basi, vaa." Uvimbe ulikuwepo, tena mbaya, lakini bado mdogo. Wakautoa. Harusi ilinisubiri, fundi akanipima upya, akaishona libaya kwa kifua nilichorudi nacho, nami nikacheza hadi mshono wa kwapa ukapasuka.

Juzi niliivaa matangani. Jirani yangu akaninong'oneza, "Yaya, dada mkubwa, ile picha ya matiti inauma?" Nikamwambia inabana kidogo, halafu inakuachia; kidonda cha mama hakikumwachia. Mwingine akasogea, akauliza njia. Vita vimepunguza treni, lakini itakayofuata tutapanda watatu, na furaha yangu ni kama ya kwenda harusini tena. Dada zangu, kinga haingoji maumivu. Jipapaseni, nendeni mkapimwe mkiwa bado na nguvu za kucheka. Na nguo ikikubana upande mmoja, usianze kwa kumlaumu fundi.