Udi wa Bibi na Chatu wa Masanja

Harufu ya udi huwakumbusha wenzangu harusi. Mimi hunikumbusha chatu. Miaka ya hamsini tuliishi Kariakoo, katika nyumba ya bibi yangu. Chumba cha mwisho alipanga Masanja, Msukuma mcheza ngoma ya nyoka, mtu mpole aliyemfuga chatu ndani ya tenga lililofungwa kwa kamba. Alimlisha kuku, nasi tulishazoea. Kisha chatu akasusa. Kuku aliyetiwa tengani alitolewa mzima, akajikung'uta, akaenda zake kudonoa makoko ya wali. Wakubwa walicheka. Mimi sikuweza, maana mama alikuwa amejifungua majuzi, na mdogo wangu Zuhura alilazwa mkekani ukumbini, karibu kabisa na mlango wa Masanja.

"Kuku hamtaki," alisema Bibi. "Anangoja kilicho laini." Bibi akaleta chetezo, akawa analifukiza tenga udi asubuhi na jioni, amtoe shetani aliyemwingia yule nyoka. Masanja, kwa kumstahi mama mwenye nyumba, alikohoa tu. Chatu alizidi kususa, Bibi akazidi kufukiza. Nilikuwa nikila huku nimemshika Zuhura mguu.

Siku moja Bibi alikwenda msibani Magogoni, chetezo kikalala baridi. Alasiri mama alikuwa uani akikandwa na mkunga kwa maji ya moto, nami nimeachiwa mtoto. Masanja alitia kuku tengani, akaenda bombani. Ghafla kuku alilia mara moja, tenga likagonga ukuta, halafu kimya. Niliamini chatu ametoka. Nilimkumbatia Zuhura, nikataka kukimbia. Nilijikojolea papo hapo.

Masanja aliporudi alichungulia tengani. "Amekula! Usilie, mwanangu, kamba ipo." Bibi aliporejea, Masanja alimpokea mlangoni. "Shikamoo, mama. Leo amekula. Mwanzo alisusa kwa kuwa alikuwa akijivua gamba, kisha ukaja udi. Nyoka hutafuta chakula kwa kunusa. Moshi ulikuwa unamficha kuku."

"Marahaba. Si nilisema? Udi umefanya kazi!" alijibu Bibi, na jioni ile akafukiza tena, kwa shukrani. Chatu akasusa upya, hofu yangu ikarudi pale pale, hadi Masanja alipohamia Msimbazi na tenga lake.

Leo pale pana ghorofa lenye milango ya chuma, na Zuhura ana wajukuu. Juzi, kwenye arobaini ya mjukuu wake mchanga, chetezo kilipopitishwa wageni waliinua nguo zao zipate harufu. Mimi nilikuwa nimeshamshika mtoto mguu.