Kumbe Lilikuwa Shimo Tu

Kijito chetu kilitoka juu, kwenye shamba la chai la kampuni, kikapita bustanini kwa mama. Mama alilima kabichi na karoti za kuuza gulioni Lushoto. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, kampuni ilianza kunyunyizia chai dawa ya wadudu, na mapipa yake yakawa yanaoshwa huko huko juu, kijitoni. Asubuhi nyingine maji yalishuka na povu na harufu ya kukaba koo. Vyura wakafa. Majani ya karoti yakaungua.

Mama alilalamika hadi bwana afya akaja kutoka wilayani. Alisimama ukingoni, hakuchovya hata kidole.

"Haya maji ni salama. Povu hilo ni sabuni ya wanaofua."

"Bwana, wanaofua wako chini yetu," mama akasema. "Juu kuna shamba la kampuni peke yake."

"Unanifundisha kazi?"

Akaenda kula mchana kwa meneja. Jioni gari lake lilikwama kwenye tope karibu na kwetu, limesheheni mbao na makasha ya chai. Tuliitwa tukalisukuma. Mama naye alisukuma.

Mdogo wangu wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Siku moja, mama akipalilia, mtoto alikunywa maji ya mfereji tuliouchimba kutoka kijitoni. Alitapika, akatokwa na mate, akatetemeka mwili mzima. Baba alimbeba mgongoni kuelekea hospitali, mama na mimi tukikimbia nyuma. Alikata roho njiani, kwenye kona ya mikaratusi. Baba alisema ni mapenzi ya Mungu. Mama hata mazikoni hakulia.

Lilipokuja Azimio la Arusha, viongozi wakaanza kuulizwa mali zao zilikotoka. Bwana afya aliulizwa juu ya nyumba yake, akaondolewa. Akaletwa bibi afya, binti mdogo tu. Meneja alipomkaribisha chakula alikataa, akakaa kwenye jiwe akala ndizi alizokuja nazo. Kisha akakifuata kijito kwa miguu hadi kwenye mapipa, akaagiza yasioshwe tena pale.

Kabla maharage tuliyopanda siku zile hayajatoa hata maua, kampuni ilikuwa imechimba shimo la saruji mbali na maji. Haikubishana. Bibi afya akaja mwenyewe bustanini kutuarifu.

"Shikamoo, mama. Mapipa hayaoshwi tena kijitoni. Wamechimba shimo."

"Marahaba. Shimo?"

"Ndiyo."

"Shimo tu?"

Binti yule akainamisha macho. "Shimo tu, mama."

Mama aliachia jembe, akaketi katikati ya matuta, akalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena. "Mwanangu! Kumbe lilikuwa shimo tu!" Bibi afya akachuchumaa kando yake, viatu vyake vikizama kwenye udongo uliolowa, naye machozi yakamtoka. Nilisimama pale, sijui nimshike yupi.