Ndege ya Nsimire kule Mumosho

Kuko watu wakubwa wenye hawana haya. Leo nilisafiri na mumoja.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Tulipeleka wanafunzi wa vakanse, masomo ikiwa imefungwa, kule Mumosho, kando ya mto Ruzizi, wajifunze ndege na kuzipiga foto. Huyu bwana alikuja kama mufundi wa foto, kamera kubwa kwa shingo.

Nsimire, binti wa miaka kumi na tatu, alileta telefone ya mama yake, kioo imepasuka. Bwana akamuambia mbele ya wenzake: «Wewe ukae kule. Hii ni sayansi, haiko mchezo.»

Mutoto akaenda kukaa kwa majani.

Bwana akaendelea kufundisha kwa sauti ya sokoni. Ndege zote zikamukimbia. Moja ya bluu ikatua karibu na Nsimire, samaki mu mudomo. Akaipiga foto, safi kabisa.

Mu basi, bwana akamuinamia Nsimire kwa kumubembeleza. «Mama, nitumie ile foto. Nitaiweka mu raporo ya hii safari na jina yangu, ndio watu waiheshimu.»

«Hapana, tonton. Ile ndege ilikuja kwangu.»

Nsimire akageukia dirisha.

Bwana ameshuka Bukavu bila foto hata moja. Mimi nimemuaga kwa kichwa tu, sababu wanafunzi walikuwa wanasikia. Maneno yenye sikumuambia, nyinyi muandike hapa chini, mu komante.